Miaka Thelathini na Moja ya Swali la Mama Arobaini

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Bi Veronika Nachundu, mshauri wa biashara wa Jumuiya ya Wajenzi wa Mwambao, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Aliingia ofisi yetu ya Rasbura, mjini Lindi, akiwa binti mwembamba kutoka Nyangao mwenye cheti cha uhasibu na baiskeli ya kuazima. Anatoka akiwa bibi mwenye wajukuu, magoti yanayolia akipanda ngazi, na miwani anayoitafuta huku ameivaa.

Wasifu huu ulitakiwa uandikwe na msomi. Mwenyekiti wetu, Bwana Gregori Mchopa, aliwaomba wasomi wote wa kamati, kila mmoja akasema ametingwa, ndipo kalamu ikamwangukia dereva wa pikipiki ya ofisi, mtu aliyeishia kidato cha pili. Msihuzunike. Mama Vero nimembeba miaka mingi, kutoka Mchinga mpaka Somanga, mvua na vumbi, na kila alichowaambia nilikisikia kwa sababu hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kunifungia mlango nje. Tena mwandiko wangu ni mzuri kuliko wa mwenyekiti, na mwenyewe anajua.

Kazi ya Bi Veronika ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni kumsaidia mkandarasi akue: asibebe tenda tatu wakati mafundi wake wanatosha moja, atenge mfuko wa kampuni na mfuko wa nyumbani, apande daraja la ukandarasi kwa mpango na siyo kwa mbwembwe. Ya pili ni kumsaidia apange kazi itakwenda kwa nani siku akichoka au akiitwa na Mungu. Sehemu ya kwanza mliipenda. Ya pili mliikimbia kama watu waliochokoza nyuki.

Kwenye kukuza watu alikuwa mkali. Wa Kivinje wanamkumbuka marehemu Damiani Lihumbo, aliyepata tenda yake kubwa ya kwanza, ya madarasa, akaenda kununua gari dogo la kutembelea kabla hajanunua mashine ya kuchanganyia zege. Basi vibarua wakawa wanachanganya kwa koleo juani, tajiri amekaa kwenye kiyoyozi anawahesabia makoleo kwa kidole. Mama Vero alifika saiti, akasalimia, akaingia kwenye lile gari upande wa abiria, akafunga mlango. Walivyokaa humo ndani hakuna aliyesikia neno, ila Damiani alitoka jasho linamtiririka na kiyoyozi kinawaka. Gari liliuzwa, mashine ikanunuliwa, na kabla ya miaka mingi Damiani akapanda kutoka daraja la saba hadi la sita. Alikuwa akimwita Mama Vero dada yangu wa mashine.

Damiani alipofariki, mashine alichukua mtoto wa kwanza, mbao akachukua wa pili, na jina la kampuni halikuchukuliwa na mtu. Hiyo ndiyo habari yenyewe, na nitairudia mpaka mchoke.

Maana hivi ndivyo tunavyokufa sisi wajenzi wa mwambao. Mtu anajenga kampuni maisha yake yote, kila kitu kwa jina lake: usajili jina lake, daraja jina lake, lori jina lake. Anafariki. Watu wanalia, wanazika, wanasoma hitma. Siku ya arobaini familia inakaa kwenye mkeka, mirathi inagawanywa kwa haki kabisa, na kila mtoto anaondoka na kipande cha chuma. Mwenye lori hana mashine. Mwenye mashine hana mbao. Daraja halirithiwi, limeenda kaburini na mwenyewe. Mafundi waliokuwa wanajua kupanga matofali ya baba yule macho yamefumbwa wanakwenda kukaa kijiweni. Bi Veronika aliyaona hayo Mingoyo, akayaona Mchinga, akayaona Kivinje, mpaka akaanza kuuliza swali lake, na swali likampa jina.

Alikuwa anakuja, anapokea chai, anauliza hali ya watoto, halafu anasema kwa sauti ileile ya kuomba sukari: siku ya arobaini yako, mashine itakuwa kwa nani? Ndiyo mkamwita Mama Arobaini. Wengine mlisema audhubillahi. Wengine mlitema mate chini, kushoto na kulia. Mmoja, simtaji lakini anasoma hapa, alimtuma mtoto mlangoni aseme baba kasafiri Mtwara, na baba mwenyewe akapiga chafya nyuma ya pazia. Mama Vero akamwambia mtoto, mpe pole baba na mafua ya Mtwara, akaondoka.

Mlimsema pia kwa dini yake. Mwanamke wa misa anatufundisha mirathi, mlisema. Naye hakubishana. Alivaa kanga vizuri akaenda kwa sheikh mmoja mzee hapa Lindi, akakaa barazani kwake mwaka mzima wa Alhamisi, akafundishwa nani anapata fungu gani na kwa nini. Alirudi na maneno mepesi ambayo hata mimi niliyaelewa. Fungu la kila mtoto halali yake, alisema, hakuna anayeligusa. Ila wewe mzazi ukiwa hai unaweza kuigeuza kazi yako ikawa kampuni yenye hisa. Ukifa, watagawana hisa na mashine itabaki saiti. Mmoja ataendesha, wote watakula faida. Gawaneni hisa, msigawane vyuma.

Hayo tu. Thelathini na moja ni miaka ya kutembea na maneno hayo, na nyinyi mkimjibu baada ya korosho, baada ya mfungo, baada ya tenda hii. Mwaka juzi tukitoka Somanga, mvua imetushika tumejibanza chini ya bati la duka, alisema hataki sherehe wala cheti. Anataka aone kampuni moja tu, moja, ikipita mkononi kwa mtoto baba akiwa hai. Akiiona hiyo atastaafu akiwa na furaha. Nikamwambia hiyo moja ni ya Mzee Hasani. Mimi nikisema kitu huwa kinakuwa.

Mzee Hasani Mtopela wa Kilwa Masoko mnamjua wote. Daraja la tano, mtu wa vikaravati vya barabarani na nyumba za walimu, mtu ambaye ukuta wake ukiupiga teke unaumia wewe. Alikuwa na watoto watatu. Abdulrazak, mkubwa, yuko Dar. Bakary anauza samaki hapa Lindi. Wa mwisho ni Umi, na Umi ndiye aliyekuwa kampuni. Alitoka chuo cha ufundi akaingia saiti za baba yake, baibui amelikunja kiunoni, suruali ndani, pima maji mkononi. Nilimkuta siku moja amesimama mbele ya fundi mwenye mvi.

"Babu, ukuta huu umelewa."

"Mimi sijanywa, mjukuu wangu."

"Basi umekunywa wenyewe. Bomoa."

Na babu akabomoa, anacheka. Watu wa namna hiyo hawafundishwi, wanazaliwa.

Mzee Hasani naye alikuwa na baada yake. Baada ya korosho, akapita msimu. Baada ya mfungo, ukapita. Mwaka huu alikuwa anajenga zahanati ya Likawage, huko ndani ambako ukifika lami unaikumbuka kama ndugu, na siku moja, amekaa juu ya rundo la kokoto, alianza yeye mwenyewe bila kuulizwa. Alisema amelala na swali la Mama Vero miaka kumi na mbili na sasa linamkera kuliko mgongo. Umi ataendesha. Abdulrazak na Bakary watapata hisa zao, wakae, wale faida bila kushika koleo. Watasaini mbele ya wote, Jumamosi ya kwanza baada ya Idd, nyumbani kwake Masoko, na pilau iwepo.

Njiani kurudi, shati langu lililowa mgongoni. Nilimuuliza Mama Vero kama analia. Akasema ni vumbi. Vumbi la Likawage linalowesha mashati, basi sawa.

Sasa naandika kitu ambacho wengi hamkijui, na mwenyewe kaniambia nikiandike. Nilimsomea rasimu ya kwanza iliyojaa sifa, akasema hiyo ni ya mtu mwingine, aandikiwe huyo mtu mwingine.

Jumamosi ile tulifika Masoko asubuhi, karatasi za wakili ziko kwenye mkoba, Mama Vero kavaa gauni la Pasaka. Pilau haikuwepo. Mzee Hasani alikuwa amelala, homa imemkamata tangu juzi yake. Chumba kimejaa watu, ubani unafuka, dada yake Bi Amina amekaa kichwani anampepea kwa upande wa kanga. Abdulrazak kaja kutoka Dar. Bakary yupo. Umi kakaa miguuni. Wote walijua shughuli iliyokuwa iwepo siku hiyo, na wote walikuwa hawautazami mkoba.

Mzee aliutazama. Akasema, "Mama Vero, umekuja na shughuli yetu?"

Mwanamke aliyeuliza swali lile kila nyumba yenye koleo kutoka Lindi mpaka Kilwa, wazima na wazee, mbele ya wake zao na mbele ya chai, alimwangalia Bi Amina, na Bi Amina alikuwa anamwangalia yeye. Nyinyi ni watu wa huku, mnajua macho yale. Kutoa karatasi za nani atashika nini mbele ya mgonjwa ni kama kumtandikia mkeka wa kuoshea maiti na yeye anaona.

"Nimekuja kukuona, baba," alisema. "Shughuli ipo tu."

"Haya," Mzee Hasani akasema. Akafumba macho.

Tukapewa uji, tukanywa. Mkoba tulirudi nao Lindi. Jumanne Mzee Hasani akafariki.

Arobaini ilisomwa vizuri. Sitaki mtu atoke hapa akilaumu sheikh wala dini, maana hesabu ilikwenda kama inavyotakiwa na hakuna aliyedhulumiwa. Lori lilikwenda kwa Abdulrazak. Mashine ya zege na kitetemeshi chake cha kulishindilia vilikwenda kwa Bakary. Umi alipata mbao, mirunda, toroli na makoleo, fungu lake halali. Aliwaomba kaka zake waviache vitu pamoja, awalipe pole pole kwa kazi ya Likawage, maana nondo za nguzo zilikwisha simamishwa kule na zege lilikuwa linasubiriwa. Abdulrazak akasema lori lina mteja. Bakary hakuwa na ubaya, alimshika dada yake bega.

"Dada, mimi mtu wa samaki. Mashine ya zege nitaitia barafu?"

Wiki hiyohiyo akamuuzia mkandarasi mmoja wa Mtwara. Mama Vero alikuwa amekaa upande wa wanawake. Sheikh, yuleyule wa baraza la Alhamisi, alipokuwa anavaa viatu alimsogelea akamwambia kwa upole, "Mama, ningekuta hisa ningegawa hisa. Nimekuta vyuma, nimegawa vyuma." Hakusema kwa kumlaumu. Ndiyo maana ikauma.

Wapo wanaomfariji kwamba hata mzee angesaini kitandani, watu wangepinga, wangesema karatasi ya mgonjwa. Inawezekana. Yeye hafarijiki. Anasema mzee alimfungulia mlango mwenyewe na yeye akaona haya kuingia. Toka siku hiyo hajauliza swali lake tena kwa mtu yeyote. Mliogundua kwamba siku hizi anakunywa chai yenu na kuondoka, mkafurahi, sasa mnajua sababu.

Likawage tulipita mwezi uliopita. Tenda imefutwa, usajili wa marehemu hauendeshi kazi. Nondo zimesimama zina kutu nyekundu, mtu kafunga kamba kati ya nguzo mbili anaanika nguo za mtoto, na boga limeshaanza kupanda upande wa chumba cha kujifungulia. Mama Vero alishuka akalizunguka jengo lote. Mzee mmoja wa hapo kijijini alituuliza kama mkandarasi mwingine atakuja. Tukasema hatujui. Akasema marehemu kawaacha watoto wake na hii zahanati, wote yatima, ila watoto wana ndugu.

Sasa tuje kwetu wenyewe, maana mnafikiri ofisi ina akili kuliko nyinyi. Mwaka jana Bi Veronika aliiandikia kamati kwamba anakaribia kustaafu, atafutwe mtu atembee naye, amfundishe, amtambulishe kwa wanachama. Mwenyekiti alimwambia kwa mapenzi kabisa, acha uchuro mama, wewe bado mbichi. Hakutafutwa mtu. Mimi nilijitolea. Kamati ilicheka mpaka mweka hazina akaomba maji, na kwa kweli hata mimi nilicheka, maana maneno yake yote ninayo kichwani lakini mkandarasi gani wa daraja la nne atamwambia mambo ya watoto wake mtu mwenye helmeti kwapani. Basi kuanzia Julai hakuna mshauri. Ofisi ya Rasbura itafungwa. Feni imeshaombwa na mweka hazina, meza inakwenda kwa mwenyekiti, kabati la chuma lina watu wawili wanaoligombania. Hata arobaini hatukungoja.

Mafanikio yake yapo na yaandikwe. Wakandarasi waliopanda daraja kwa mkono wake wako kila wilaya ya mkoa huu. Shule ambazo hazijapasuka ukuta, yeye yumo. Mafundi waliolipwa kabla ya tajiri kuoa tena, yeye yumo, na wake wa kwanza wanamshukuru. Lakini kampuni zilizopita kutoka mkono wa baba kwenda kwa mtoto zikiwa nzima, katika miaka yote hiyo, ni sifuri. Nilitaka kuandika chache. Akasema andika sifuri.

Hafla ya kumuaga itafanyika ofisini, wali na kuku, wanachama wote mnakaribishwa. Umi hatakuwepo. Yule wa Mtwara aliyenunua mashine amemwajiri awe msimamizi wa saiti yake ya Mtama, na siku hiyo wanamwaga sakafu. Alipiga simu juzi kuomba radhi, na kwa kuwa Mama Vero siku hizi anaweka simu kwenye spika, wote tulisikia.

"Mama, msinisubiri. Niko kwenye mashine ya baba."

Mama Vero akauliza, "Inafanya kazi vizuri?"

"Inafanya, mama. Haijui kama amekufa."

Kelele za saiti zikaingia katikati, mtu anamwita Umi aje aangalie maji yamezidi. Mama Vero akamwambia aende, zege lisije likaharibika. Akakata, akafuta miwani, akaendelea kupanga vitu vyake kwenye boksi.

Bi Veronika, Jumuiya inakushukuru. Umekunywa chai yetu mbaya, umevumilia milango yetu na maneno yetu, umekaa nyuma ya pikipiki yangu kwenye makorongo bila kunishika shati hata mara moja, na hilo peke yake ni ushujaa. Ulitutakia mema ambayo sisi wenyewe hatukujitakia. Tunakuombea magoti mepesi, bustani ya mchicha isiyoingiliwa na kuku, na wajukuu wanaokuitikia ukiita. Sisi tunabaki huku, kila mmoja na vyuma vyake na jina lake, tunasubiri baada ya korosho. Uishi miaka mingi, Mama, na habari zetu zikufikie kwa kuchelewa.

Imani Chitanda
Dereva wa pikipiki, kwa niaba ya ofisi